Maneno ya bibi kwenye kitambaa: tusahihishe tahajia au tuache? Na nguo zilizochanika tuzifanyeje?

Dada yangu, swali lako nalirudia kwa kifupi ili wengine nao wafuate. Bibi yenu amefariki, ameacha sanduku la nguo, nyingine nzima nyingine zimechanika. Nyie wajukuu, watoto wake na marafiki zake mnataka kila mtu adarizi kipande chenye neno au sentensi aliyokuwa anaisema, halafu vyote viunganishwe viwe kitambaa kimoja kikubwa. Mmekwama kwa sababu lugha yake wengi wenu mnaisikia tu, kuiandika kila mtu anaandika kivyake, na kuna upande unaosema maneno yote yapelekwe kwenye mashine ya kudarizi yatoke sawasawa. Nguo zilizochanika hamjui mzishone mpaka pasionekane au mziache hivyohivyo. Na mwishoni umeuliza, kama kwa woga, hivi hii ni sanaa kweli au ni kazi ya mikono tu.

Hilo la mwisho nalimaliza haraka maana mimi halinisumbui kabisa. Ni sanaa, na ina ukoo mrefu. Louise Bourgeois, mchongaji mkubwa aliyezaliwa Paris mwaka 1911, alikulia kwenye familia iliyokuwa inatengeneza mazulia ya ukutani ya zamani yaliyochakaa, na akiwa mtoto kazi yake ilikuwa kuchora sehemu zilizokosekana ili mafundi wazifume upya, mara nyingi miguu, kwa sababu sehemu ya chini ndo inayoharibika kwanza. Mwaka 2002, ameshafika miaka 90, akachukua nguo na mashuka yake mwenyewe aliyoyatunza miaka na miaka, zikiwemo taulo za kitani za tangu alipoolewa 1938, akavikata na kuvishona vikawa kitabu kizima cha kitambaa. Hakuna anayemuuliza kama ile ni sanaa, na nyie msikubali kuulizwa.

Sasa tahajia. Hapa ndo pana uzito na hapa ndo ntakaa, kwa sababu naona kabisa ugomvi wenu wote unatokea hapa hata ule wa mashine na ule wa viraka, ni ugomvi mmoja: tunamuonyesha bibi na watu wake kama walivyo, au tunawapiga pasi kwanza? Jibu langu ni msisahihishe. Na sisemi hivyo kwa kuwa ni vizuri tu kuwa wavumilivu, nasema hivyo kwa sababu mkisahihisha mtapoteza kitu ambacho hakitarudi tena.

Kuna kitambaa kimoja kipo London kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, kimeshonwa karibu na mwaka 1830 na binti anaitwa Elizabeth Parker, alikuwa mfanyakazi wa ndani kule Sussex. Ni kitani cheupe na uzi mwekundu wa hariri, mshono wa msalaba mwanzo mpaka mwisho, hakina ua, hakina ndege, hakina pambo la pembeni, ni maneno tu mstari juu ya mstari. Anaanza kwa kusema kwamba kwa vile hajui kuandika, basi anayaweka haya hapa kwa urahisi kama ambavyo angeongea na mtu. Halafu anaeleza ukatili aliofanyiwa na mwajiri wake, anaeleza alivyofikia hatua ya kutaka kujiua, na anaishia katikati, anauliza roho yake itakuwaje, na hapo uzi unakoma, chini yake kitambaa ni kitupu. Fikiria kama mtu mwenye elimu yake angempokonya kile kitambaa akakinyoosha, akaweka aya, akaondoa marudio, akamalizia na sentensi nzuri. Tungekuwa na maelezo ya tukio, lakini yule binti tungekuwa hatumsikii tena.

Mwingine ni Agnes Richter, alikuwa mshona nguo Ujerumani, akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko mwaka 1895 hivi akajishonea koti kwa kitambaa cha hospitali na kulidarizi maneno ndani na nje, mengine yamepanda juu ya mengine. Lile koti lipo hukohuko Ujerumani, mji wa Heidelberg, kwenye mkusanyiko wa Prinzhorn wa kazi za wagonjwa wa akili. Mengi hayasomeki, yamesuguliwa na mwili wake mwenyewe kwa kulivaa, na yanayosomeka ni vipande vipande, "mimi", "yangu", ivyo ivyo. Watu wanalichunguza mpaka leo, na hata pale ambapo hayasomeki unajua kabisa kuna mtu alikuwa anasisitiza kwamba yupo.

Kwahiyo kama salamu ya bibi imeandikwa kwa namna tatu na watu watatu, wekeni zote tatu. Kila moja ni rekodi ya sikio la mtu. Aliyekaa nae utotoni atasikia irabu ndefu na ataiandika mara mbili, aliyekulia mbali na lugha hiyo ataikata iwe fupi, mwingine atabadilisha konsonanti moja kwa sababu lugha anayoongea kila siku haina ile sauti. Ukiziweka pamoja kwenye kitambaa kimoja unaona lugha ikihama kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine ndani ya familia moja, na kitu hicho kamusi haikuonyeshi. Kama lugha ina tahajia rasmi na kuna mtu anaijua vizuri, safi, nae ashone kipande chake kwa tahajia hiyo, kikae na vya wenzake. Msichofanya ni kumpa yeye kalamu aandike orodha ya maneno "sahihi" halafu wengine wote wafuatishe, hapo mtakuwa mmebadilisha ukumbi wa watu ishirini kuwa darasa la mwalimu mmoja.

Lakini kuna kitu kimoja hapo sibembelezi, majina ya watu. Jina liandikwe kama mwenyewe alivyoliandika au alivyotaka liandikwe, na mkiwa na shaka muulize aliyekuwa karibu nae. Lile blanketi kubwa la Marekani la kuwakumbuka waliokufa kwa ukimwi, lililoanzia San Francisco mwaka 1987, limejengwa juu ya majina. Kila kipande ni kama sentimita 90 kwa 180, ukubwa wa kaburi, na walipolitandaza Washington mara ya kwanza tarehe 11 Oktoba 1987 lilikuwa na vipande 1,920, sasa hivi ni karibu 50,000. Na tangu siku ile linapotandazwa watu husimama na kuyasoma majina kwa sauti. Wengi wa wale waliokufa walikuwa wamefichwa hata na familia zao, kwahiyo jina kusomwa hadharani ndo ilikuwa nusu ya kazi yenyewe. Nawashauri na nyie siku mtakapomaliza mkae mkisome kitambaa chote kwa sauti, kila mtu asome kipande alichoshona, kwa lafudhi yake.

Na kabla hata ya sindano, tumieni simu. Rekodini wazee wakiyatamka hayo maneno, polepole na kwa spidi yao ya kawaida, halafu kila kipande kiwe na lebo ya kitambaa imeshonwa nyuma: neno ni lipi, bibi alilisema lini au kwa nani, maana yake ni nini, nani kashona. Lebo naisisitiza kwa sababu uzi unadumu kuliko kumbukumbu. Wainka wa Amerika Kusini walikuwa wanatunza hesabu na taarifa kwenye khipu, kamba zenye mafundo, na wataalamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wameshajua namna mafundo yanavyobeba namba, mahali fundo lilipo ndo panasema kama ni moja, kumi au mia. Ila khipu ambazo zinadhaniwa zimebeba masimulizi hakuna anayeweza kuzisoma kwa uhakika, maana waliokuwa wanazisoma kwa mdomo hawapo. Nyuzi zipo makumbusho, rangi zipo, mafundo yapo, stori haipo. Msiwafanyie hivyo watoto wenu wakati mna kalamu na simu mkononi.

Kuhusu mashine, mashine ya kudarizi ni kifaa kizuri na sina ugomvi nayo, kwa nembo na sare inafaa sana. Kwa hii kazi haifai kwa sababu itawapa watu wote mwandiko mmoja. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake waliokuwa wamefungwa na Wajapani kwenye gereza la Changi, Singapore, walishona mablanketi matatu, wazo lilikuwa la mama mmoja Mkanada anaitwa Ethel Mulvany. Kila mwanamke alipewa kipande cha mraba cha kitambaa akaambiwa aweke kitu cha kwake na jina lake, vipande 66 kwa kila blanketi. Yalikuwa yanapelekwa kwenye hospitali za wafungwa wanaume, na ujanja wake ni kwamba mume akiona kipande chenye jina na mkono wa mke wake anajua kwamba yu hai, maana wake na waume walikuwa wametengwa na habari hazipiti. Kuna waliokuwa mafundi hasa na kuna ambao mshono wao unaonekana kabisa umesumbuka. Sasa jiulize, yule mume angefarijika na herufi za mashine? Alikuwa anautafuta mkono wa mke wake.

Kwahiyo kila mtu aandike neno lake kwenye kitambaa kwa penseli laini au chaki ya fundi, kwa mwandiko wake wa kawaida, halafu ashone juu ya mstari huo. Asiyejua kuandika asiandikiwe kwa haraka haraka, kaa nae, mshike mkono kama anataka, au achore alama yake. Msitumie kalamu ya kawaida ya wino maana ikifuliwa inasambaa.

Kwa wasiowahi kudarizi, ntaeleza taratibu kidogo hapa kwa sababu herufi zinawakatisha watu tamaa kuliko maua. Uzi wa pamba wa kudarizi huwa na nyuzi ndogo sita zimesokotwa pamoja, kata urefu wa kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, usizidishe maana utajifunga mafundo, halafu chomoa nyuzi ndogo moja moja mpaka upate mbili, hizo mbili ndo utumie. Ukizichomoa mbili kwa pamoja zinajikunja na kukwama. Herufi ndogo isipungue sentimita moja kwenda juu, chini ya hapo "a" na "e" zinafanana. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele ya ulipoishia kama milimita tatu, inarudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia, inatoka tena mbele, ivyo ivyo. Ukifika kwenye mzunguko wa herufi punguza iwe milimita mbili au chini yake, ukilazimisha mishono mirefu kwenye mzunguko "o" inageuka pembetatu. Ukimaliza herufi usiruke na uzi kwa nyuma kwenda herufi ya mbali, hasa uzi wa rangi nzito kwenye kitambaa cheupe, utaonekana kama kivuli upande wa mbele, bora upitishe chini ya mishono iliyopo au ukate uanze upya. Na kama mshono umeenda kombo lakini neno linasomeka, acha. Usikubali shangazi mwenye mkono mzuri azunguke nyumba nzima usiku akifumua vya wenzake. Najua anafanya kwa upendo, ila mwambieni kwa heshima zote aache.

Haya, nguo zilizochanika. Hapa watu wengi hudhani swali ni uzuri, kumbe kutengeneza kitambaa kunaweza kubadilisha kinachosemwa na kitambaa. Mfano mzuri ni ule wa Bayeux, Ufaransa, kitani chenye urefu wa karibu mita 70 kilichodariziwa kwa uzi wa sufu karne ya 11, kinasimulia uvamizi wa Uingereza wa mwaka 1066, na kina maneno ya Kilatini juu ya picha. Kimetengenezwa mara nyingi sana, viraka kibao. Sehemu maarufu kuliko zote ni kifo cha mfalme Harold, watu wote wanajua alichomwa mshale wa jicho kwa sababu ndivyo kitambaa kinavyoonyesha. Sasa michoro iliyochorwa karne ya 18, kabla ya matengenezo makubwa ya karne ya 19, haimuonyeshi vile tunavyomuona leo, na wataalamu wanabishana mpaka sasa kama ule mshale ni wa mshonaji wa kwanza au umetengenezwa na aliyekuja kuziba matundu. Yaani fundi mmoja mwenye nia njema, akifuata matundu ya sindano ya zamani kwa kukisia, anaweza kuwa ameamua namna mfalme alivyokufa. Hilo ndo linanifanya niseme kwa msisitizo: tengenezeni, lakini mlichotengeneza kionekane kwamba kimetengenezwa.

Kuonekana hakumaanishi kuwa ovyo. Kuna msanii mzaliwa wa Taiwan anaitwa Lee Mingwei, tangu 2009 ana kazi ambayo anakaa mezani kwenye ukumbi wa maonyesho, mtu anamletea nguo iliyochanika, wanaongea wakati yeye anaishona kwa uzi wa rangi kali tofauti na nguo yenyewe, na akimaliza uzi haukatwi. Nguo inawekwa mezani bado imeunganishwa na kibiringo chake ukutani, na kadri siku zinavyoenda ukumbi unajaa nyuzi za rangi zinazotoka kwenye nguo za watu wasiojuana. Ilikuwepo pia kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2017. Napenda ile kazi kwa sababu maongezi yapo ndani ya mshono, mwenye nguo haondoki na nguo isiyo na historia, anaondoka (baadae, maonyesho yakiisha) na nguo yenye siku ile ndani yake.

Kwa upande wa ufundi, kanuni mnayotakiwa kuishika ni ya wahifadhi wa makumbusho: uzi wa kutengenezea usiwe na nguvu kuliko kitambaa kinachotengenezwa. Watu wanachukua uzi mgumu wa nailoni wakidhani wanamsaidia marehemu, na kikivutwa, uzi unabaki mzima na kitambaa cha zamani kinakatika pembeni yake, tundu linakuwa kubwa kuliko mwanzo. Kwa pamba kuukuu tumia uzi wa pamba, uzi mmoja au mbili. Pili msitumie gundi wala vile vitambaa vya kubandika kwa pasi kwenye nguo ya bibi, gundi inakakamaa, inageuka njano na haitoki.

Chukua mfano wa kiwiko cha shati kilichotoboka. Usilikunje tundu ulifunge kwa kuvuta, utapata kovu lililokunjamana. Weka chini yake kipande cha pamba laini iliyofuliwa, kikubwa kuliko tundu kwa sentimita tatu kila upande, kwa sababu kitambaa kinachozunguka tundu nacho kimeshachoka hata kama hakijatoboka, ukinyanyua kwenye mwanga utaona mwanga unapita. Piga bandi, yaani mshono wa kupitisha sindano juu chini tu, kukishika kisitembee. Halafu anza mbali na tundu, kwenye kitambaa chenye afya, shona mistari ya bandi ndogo ndogo iliyolala sambamba, iende mpaka ivuke tundu itoke upande wa pili, na ukigeuza mstari acha kijitanzi kidogo usikaze, kwa sababu uzi ukifuliwa unasinyaa. Kama unataka kulijaza tundu lenyewe bila kiraka, laza nyuzi za upande mmoja kwanza halafu zivuke na nyuzi za upande mwingine, juu chini juu chini kama unasuka mkeka. Wabengali wamekuwa wakifanya kitu cha jamaa hii kwa vizazi kwenye matandiko yanayoitwa kantha, sari zilizochakaa zinapangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na bandi nyingi ndogo, na uzi wenyewe zamani ulikuwa unachomolewa kwenye mapindo ya sari hizohizo. Hilo la mwisho mngelijaribu, kama kuna nguo ya bibi iliyoharibika kabisa ambayo haiwezi kuokolewa, chomoa nyuzi kwenye pindo lake utengenezee nyingine.

Na sio kila tundu linahitaji mkono wenu. Mtenganishe kilichochanika kwa maisha na kinachoendelea kuoza. Mfuko uliochakaa mdomoni kwa sababu alikuwa anaingiza mkono hapo kila siku, doa la rangi, kola iliyogeuzwa na yeye mwenyewe akaishona kwa mkono, hivyo viacheni kabisa. Tena nguo alizozitengeneza yeye ziwekeni mahali pa heshima kwenye kitambaa, ule ni mwandiko wake na pengine ndo mwandiko pekee mlio nao. Kinachotakiwa kushikwa haraka ni kile ambacho kesho kitakuwa kibaya zaidi. Hariri ya zamani inayopasuka kwenye mikunjo kama karatasi hiyo haishoniki, kila tundu la sindano ni mpasuko mpya, ilazeni juu ya pamba na kuifunika na wavu mwembamba, mshono upite pembeni tu.

Sasa kwenye kukaa pamoja. Chile, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 11 Septemba 1973, wanawake ambao waume zao na watoto wao walikuwa wamekamatwa na hawajulikani walipo walianza kushona picha ndogo juu ya kitambaa cha gunia, zinaitwa arpillera, kwa mabaki ya nguo, na wakati mwingine nguo za hao waliopotea. Walikutana kwenye warsha chini ya ulinzi wa kanisa Katoliki, na kuanzia 1976 ofisi ya Vicaría de la Solidaridad iliyoanzishwa na kardinali wa Santiago ndo ilikuwa inawasaidia na kuzipeleka nje kuuzwa. Kulikuwa na arpillera zenye kijifuko nyuma chenye karatasi ya maneno machache kutoka kwa aliyeshona. Mbele kuna nyumba, jua, milima, watu wamepanga foleni wakiuliza ndugu zao wako wapi, na nyuma kuna ujumbe.

Hicho kijifuko nawaomba mkiazime. Kwa sababu ntakuwa sijawaambia ukweli nikisema maneno yote ya bibi yatakuwa matamu. Kuna mtu atakumbuka alivyomkaripia, kuna mtu anakumbuka siri, kuna mwingine alikuwa hapatani nae na bado anataka kushona. Mkilazimisha kila kipande kiwe baraka mtamtengeneza mtu asiyekuwepo, na wale waliomjua kwa upande mwingine watajitoa kimyakimya. Mwenye neno gumu alishone kama anataka, au aliandike aliweke kwenye kijifuko nyuma akishone mdomo. Mpaka pekee ni kwa walio hai: kama neno linamtaja mtu aliyepo, aulizwe kwanza, na akikataa basi.

Kuna atakayekuja asishone chochote. Mpeni kazi ya kutunga uzi kwenye sindano, wazee wengi macho hayaoni tundu la sindano, au asome lebo, au akae tu. Mikono ikiwa na kazi macho yanakuwa chini na watu wanasema vitu ambavyo wakitazamana usoni hawavisemi, hilo nimeliona kila nilipokaa na vikundi vya namna hii, kwahiyo simu ya kurekodi iwekwe wazi mezani, watu waambiwe inarekodi na muda gani imezimwa. Msiirekodi kwa kuificha hata kidogo.

Kuunganisha ni rahisi mkikubaliana mapema. Kitambaa cha msingi kifuliwe kabla, pamba inasinyaa, mkifua baada ya kudarizi herufi zote zitajikunja. Kila kipande kiwe na nafasi tupu ya sentimita tatu pembeni pande zote, waambieni wasiandike mpaka ukingoni maana neno litamezwa na mshono. Uzi mwekundu na bluu nzito ujaribuni kwanza, lowesha, bana kwenye kitambaa cheupe kwa kidole muda kidogo, ukiacha rangi usitumie. Na kwenye kupanga vipande sioni haja ya mzee mmoja kuamua, tandazeni sakafuni, kila mtu aweke chake anapotaka kiwe jirani na nani, mtashangaa watu wanavyochagua. Mkikuta kuna mtu amekufa au yuko mbali na mlitamani angekuwepo, acheni mraba mtupu wenye jina lake tu, na acheni mingine michache haina kitu kabisa kwa watakaokuja.

Kikishakamilika msikitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua, mwanga unakula rangi na hauzirudishi. Msikikunje kama shuka pia, mkunjo unakata nyuzi palepale kila siku, kiviringisheni kwenye bomba nene lililozungushiwa pamba safi nyeupe, upande wenye darizi ukiwa nje, juu yake pamba nyingine. Plastiki hapana, inafungia unyevu na ukungu unaanza. Kama kuna sufu ndani kiangalieni kila baada ya miezi michache, nondo wanapenda sufu hasa yenye jasho, ila msizifue nguo za bibi zote kwa pupa. Moja ambayo bado ina harufu yake itengeni kabla ya kuanza chochote, isikatwe na isiguswe na maji, na mkubaliane wote nani ataitunza.